Sinema ya bure bustanini: jinsi ya kuwapeleka watoto na kurudi nao salama

Kuna furaha ya aina yake watoto wanapoketi kwenye mkeka, nyota juu, upepo wa bahari mgongoni, na mbele yao kitambaa kikubwa cheupe kinachotembea picha. Wazee wetu waliijua furaha hiyo. Wengi bado wanakumbuka gari la sinema la serikali lililofika vijijini na mitaani, likatandaza kitambaa, na watu wakakaa chini hadi picha ikaisha. Siku hizi maonyesho kama hayo yanarudi kwa njia nyingine: shule, kikundi cha vijana, jumuiya ya mtaa au ofisi ya serikali huweka projekta na spika katika uwanja au bustani, na kila mtu anakaribishwa bila kulipa.

Kwa familia yenye watoto wanne, hilo si jambo dogo. Ukihesabu tiketi za jumba la sinema, nauli na vitafunio, jioni moja inaweza kumaliza pesa za unga wa wiki. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto tarehe 30 Julai 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika burudani na sanaa. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la burudani za umma, sinema, maonyesho ya video, bustani za kaunti na fukwe. Kwa hiyo bustani ya umma ni mali ya mkaazi, na mtoto wa Kisauni, wa Changamwe au wa Likoni ana haki ya kuifurahia sawa na mwingine yeyote.

Hata hivyo, onyesho kuwa bure hakumaanishi kwamba mtoto ana mlinzi mwingine. Katika jumba la sinema kuna mlango mmoja, viti vyenye nambari na mtu wa kukagua tiketi. Bustanini hakuna ukuta, watu ni wengi na giza limetanda. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mzazi au mlezi anafaa kuamua mapema: filamu gani, saa ngapi, kukaa wapi, na kurudi nyumbani vipi.

Giza letu linawafaa watoto

Katika miji ya Marekani na Ulaya, sinema za bustanini ni jambo la majira ya joto. Lakini huko jua la majira hayo huchelewa kuzama. Mjini New York, kwa mfano, mwezi Juni jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku, hivyo filamu haiwezi kuonekana vizuri hadi saa tatu. Mtoto mdogo huwa ameshalala mapajani mwa mamake kabla ya picha ya kwanza.

Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Mombasa, mwaka mzima, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni. Nusu saa baadaye giza limeingia vya kutosha kwa projekta. Maana yake ni kwamba onyesho linaweza kuanza baada ya swala ya Magharibi, mnamo saa moja usiku, na filamu ya dakika tisini ikaisha saa mbili na nusu. Mtoto ataona picha yote na bado atalala kwa wakati.

Tangazo likisema onyesho linaanza saa tatu usiku, jiulize kama linawafaa watoto wako. Huenda ni la watu wazima. Kwa watoto walio chini ya miaka sita, filamu fupi ya nusu saa au mfululizo wa katuni huwa bora kuliko filamu ndefu. Na kwa familia zinazotaka kuwahi swala ya Isha msikitini, ni vyema kumuuliza mwandalizi urefu wa filamu mapema.

Angalia majira, mvua na upepo

Likizo za shule huwa mwezi Aprili, mwezi Agosti, na mwisho wa mwaka, Novemba na Desemba. Si zote zinazofaa sawa kwa sinema ya nje. Mvua za masika hapa Pwani huanza takriban Aprili na kuzidi mwezi Mei, na mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Likizo ya Agosti kwa kawaida ina mvua chache, lakini upepo wa kusi bado unavuma. Mwezi Januari hadi Machi ni wakati wa kaskazi na kiangazi, nao hufaa kwa jioni za mwisho wa wiki hata shule zikiwa zimefunguliwa.

Upepo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kitambaa cha skrini kilichosimamishwa kwenye vyuma hushika upepo kama tanga la jahazi. Kisipofungwa vizuri kinaweza kuanguka, na watoto ndio hupenda kukaa mbele kabisa. Kwa hiyo usiketi mahali ambapo skrini inaweza kufika ikiangukia mbele au nyuma. Ukiona kamba zimelegea na kitambaa kinapigapiga, mwambie mwandalizi na wasogeze watoto. Mvua ikianza, onyesho lazima lisimame, kwa sababu nyaya za umeme na maji haviendi pamoja. Usisubiri kuona kama litaendelea: wakusanye watoto na muelekee mahali penye paa.

Jua filamu kabla ya kuondoka nyumbani

Swali la kwanza la kumuuliza mwandalizi ni jina la filamu, na la pili ni alama iliyopewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu haiwezi kuonyeshwa hadharani bila idhini ya bodi hiyo. Alama zake ni hizi:

• GE ni filamu inayofaa watu wote, wakiwemo watoto.
• PG ni filamu ambayo mtoto anafaa kuitazama akiwa na mzazi au mlezi wa kumwelekeza.
• 16 ni filamu isiyofaa kwa aliye chini ya miaka 16.
• 18 ni filamu ya watu wazima pekee.

Uwanja wa wazi haubadilishi alama hizi. Filamu ya 18 ikionyeshwa mahali ambapo watoto wanapita na kutazama, hapo kuna kosa, hata kama hakuna aliyelipa.

Alama pekee hata hivyo haikuambii kila kitu. Chukua mfano wa Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na namna kijiji kizima kinavyoungana kumtimizia ndoto yake. Ni hadithi ya kupendeza, yenye vicheko. Lakini Jo ni mgonjwa na hatapona. Mtoto aliyefiwa na ndugu karibuni anaweza kulia kwa sababu ambayo aliyekaa karibu naye hataielewa. Hiyo si sababu ya kumnyima filamu, ila ni sababu ya wewe kuijua hadithi kwanza, ukae karibu naye, na mzungumze njiani mkirudi.

Uliza pia kuhusu lugha. Filamu nyingi za kigeni zina maandishi ya tafsiri chini ya picha, na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuyasoma kwa kasi hiyo. Filamu ya Kiswahili, au ile yenye vitendo vingi na maneno machache, itamshika zaidi. Kwa mtoto kiziwi, kinyume chake ndicho kweli: maandishi hayo yakiwa makubwa na ya wazi ndiyo yatakayomfanya afuate hadithi pamoja na wenzake.

Vitu vya kubeba

Huhitaji vingi. Hivi vinatosha:

• Mkeka au jamvi, na leso moja au mbili. Upepo wa usiku ufukweni humpoza mtoto mdogo haraka, hasa akilala.
• Maji ya kunywa kwenye chupa ya kutumika tena, na chakula mlichopika nyumbani. Bisi, viazi karai na mihogo vitapatikana kwa wachuuzi, lakini mtoto akishiba kabla ya kutoka hatalia kila anapopita muuzaji.
• Tochi ndogo, au simu iliyojaa chaji.
• Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, na nguo za mikono mirefu. Mombasa imewahi kupata milipuko ya homa ya dengi, na mbu wanaoieneza huuma mchana na jioni. Wale wa malaria huuma usiku. Saa za sinema zinawakutanisha watoto na wote wawili.
• Kikaratasi chenye nambari yako ya simu, kitiwe mfukoni mwa kila mtoto. Kwa mdogo asiyeweza kukitunza kikaratasi, andika nambari hiyo kwa kalamu ndani ya mkono wake.

Wavalishe watoto nguo za rangi nyangavu. Gizani fulana ya kibluu iliyokoza na nyeusi ni kitu kimoja, lakini nyeupe au njano huonekana kwa mbali. Kabla ya kuondoka, piga picha ya watoto wako wakiwa wamevaa nguo za jioni hiyo. Mtoto akipotea, picha hiyo itakuokoa na swali gumu kuliko yote: alivaa nini?

Mkifika

Fikeni kungali na mwanga, angalau nusu saa kabla ya jua kuzama. Huo ndio wakati wa kutembea na watoto mkiangalia uwanja. Waonyesheni choo kiko wapi, lango liko wapi, na mahali pa kukutania iwapo mtaachana. Mahali hapo pawe kitu kisichosogea na kinachoonekana gizani, kama taa ya lango au mti mkubwa. Kibanda cha mchuuzi hakifai, kwa sababu huenda akafunga na kuondoka. Mwambie mtoto arudie kwa maneno yake mwenyewe: "Nikipotea, nakwenda wapi?"

Mahali pa kuketi, zingatieni mambo manne.

Kwanza, kaeni pembeni mwa umati kuliko katikati, ili muweze kutoka kwenda chooni bila kukanyaga watu.

Pili, msikae mbele ya spika. Masikio ya watoto ni laini, na kama inakubidi kupaza sauti ili mtoto aliye kando yako akusikie, basi mko karibu mno.

Tatu, kaeni mbali na jenereta. Moshi wake una sumu, bomba lake huchoma, na mafuta ya akiba huwekwa papo hapo. Nyaya zinazopita ardhini zisigeuzwe kamba ya kurukia.

Nne, jueni maji yako wapi. Bustani kadhaa za jiji letu ziko kando ya bahari. Pale Mama Ngina, kwa mfano, meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi kwamba watoto husahau sinema na kukimbilia ukingoni kuzitazama, na ukingo huo unashuka kwenye miamba. Mkeka wenu uwe upande wa barabara au katikati, na mtu mzima akae upande wa bahari. Ufukweni nako, ulizeni maji yanajaa saa ngapi. Mchanga mkavu wa saa kumi na mbili unaweza kuwa ndani ya maji kabla filamu haijaisha.

Kama mmekuja majirani kadhaa, msidhani kwamba kila mtu anawaangalia watoto. Mara nyingi wote wakidhani hivyo, hakuna anayewaangalia. Pangeni zamu: mtu mzima mmoja kwa nusu saa, kazi yake ni kuhesabu watoto na wala si kutazama picha. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia, lakini msiwaachie jukumu zima. Nao ni watoto, na wamekuja kutazama.

Mtoto akipotea

Usianze kuzunguka peke yako. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Mtume mtu mzima mmoja mahali pa kukutania mliokubaliana, abaki hapo.
2. Nenda moja kwa moja kwa mwandalizi, umwombe asimamishe filamu, awashe taa na kutangaza. Usione haya. Watu mia tatu wakitafuta kwa dakika mbili wanaweza zaidi ya mzazi mmoja kwa saa nzima.
3. Omba watu wawili wasimame langoni, na wengine waende upande wa maji au barabara kuu.
4. Onyesha ile picha uliyopiga nyumbani.
5. Asipopatikana katika dakika chache, piga simu polisi kwa 999 au 112. Nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, 116, hupokewa saa zote, mchana na usiku. Si lazima kungoja saa 24 ili kuripoti mtoto aliyepotea.

Wewe ukimkuta mtoto wa mwenzio akilia peke yake, usimtoe uwanjani kwenda kumtafutia wazazi. Kaa naye palepale penye mwanga, mwite mtu mwingine awe nawe, kisha mpeleke taarifa kwa mwandalizi.

Tuwaheshimu majirani, tuiache bustani safi

Kando ya kila bustani kuna watu wanaolala, wagonjwa, na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika maeneo ya makazi, kipimo cha juu cha sauti nje ya nyumba ni desibeli 50 mchana, na hushuka hadi 35 usiku. Mwandalizi anayejua sauti itapita kipimo hicho anatakiwa kuomba kibali mapema. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza mapema na kumaliza mapema.

Kuhusu taka, kumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo fukwe. Njooni na kikapu au kiondo, na mrudi na taka zenu. Watoto wakikuona ukiokota ganda la bisi, hutahitaji kuwahubiria.

Panga safari ya kurudi kabla ya kwenda

Familia nyingi hupanga namna ya kufika na kusahau namna ya kurudi. Onyesho likiisha, mamia ya watu hutoka kwa wakati mmoja, matatu hujaa na nauli ya tuktuk hupanda. Kubalianeni bei na dereva mnayemjua mapema, au mtembee kwa kundi na majirani kwenye barabara yenye taa. Bodaboda isibebe watoto watatu kwa sababu tu kumeshakuwa usiku. Kwa wanaovuka Likoni, mshikeni kila mtoto mkono kuanzia lango la feri hadi ng'ambo, na mdogo abebwe.

Mkiona watoto wamechoka, ondokeni dakika kumi kabla ya mwisho. Watanung'unika, lakini mtatembea kwa nafasi.

Kwa wanaotaka kuandaa onyesho mtaani

Kikundi kinachotaka kuwaonyesha watoto filamu kinahitaji mambo matano: ruhusa ya maandishi kutoka kwa anayesimamia bustani au uwanja, idhini ya KFCB kwa filamu itakayoonyeshwa, kibali cha kelele kama kinahitajika, kuwajulisha chifu na kituo cha polisi kilicho karibu, na ruhusa ya mwenye filamu.

Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Kununua diski, au kulipia filamu mtandaoni kwa matumizi ya nyumbani, hakukupi haki ya kuionyesha kwa umma, hata bila kiingilio. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda aliyeitengeneza. Njia nyepesi ni kuwaandikia watengenezaji wa filamu wa hapa nchini na kuwaomba ruhusa. Tengeni pia sehemu tambarare mbele kwa watu wanaotumia viti vya magurudumu, acheni njia pana ya kutokea, na muweke meza moja yenye taa ambayo kila mtoto ataonyeshwa tangu mwanzo kuwa ndiyo mahali pa kwenda akipotea.

Sinema ya bustanini inawapa watoto wetu kitu ambacho simu haiwezi kuwapa: kucheka jambo moja, kwa wakati mmoja, pamoja na mtaa mzima. Kabla ya kutoka nyumbani jioni hiyo, hakikisha una majibu ya maswali manne. Filamu ni ipi? Itaisha saa ngapi? Tukiachana tunakutana wapi? Tunarudi na nani? Ukiyajibu hayo, tandika mkeka wako na ufurahie picha.